Nilitangaza spishi mpya kutoka Tudor. Haya, wacha tuongee

Wasee, ile video ya Tudor ambayo bado mnatumiana, ile yenye maandishi ya njano NIMEGUNDUA SPISHI MPYA MOMBASA, ni yangu. Sijaifuta. Nimebadilisha tu maandishi, na kwa hilo tu nimepoteza wafuasi, nimepoteza kazi moja ambayo ingenilipia kodi ya nyumba ya miezi miwili, na kuna msee anakuja kwa komenti kila asubuhi kuniita muoga. Wengine mnauliza kama nilitishwa. Hakuna mtu alinitisha. Niliulizwa swali moja nikakosa jibu, basi.

Wacha nianze na chupa.

Mvua ilikuwa imeshika Mombasa vibaya na mimi nilikuwa Mikindani, kule chini mikokoni, narekodi video ya takataka. Kwa asiyejua, Tudor ni ule mkono wa bahari unaopita nyuma ya kisiwa na kuingia bara. Huko ndani mito miwili ya msimu, Kombeni na Tsalu, inamwaga maji yake. Kwa hivyo ukiteka maji mikokoni wakati wa mvua hupati maji baridi na hupati maji ya bahari. Unapata chumvichumvi. Ukiongeza na yale yanayoteremka kutoka vyoo vya mitaa, unapata supu. Harufu yake siwezi kuweka kwa video, shukuruni.

Nilikuwa na Foldscope kwa mfuko. Hii ni maikroskopu ya karatasi, unaikunja mwenyewe kama bahasha, ina lensi ndogo kama tone na inakuza mara 140. Ilibuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski kule Stanford, Marekani, na wakaionyesha dunia mwaka 2014. Ya kwangu nilipewa na rafiki aliyechoka nayo. Unaibandika kwa kamera ya simu na sumaku, unaelekeza kwa mwanga, na unaanza kutukana, juu mkono ukitetemeka kidogo tu kila kitu kinapotea.

Nikakwaruza ule utelezi wa kahawia unaoshika mizizi ya mkoko, nikautia kwa chupa na maji kidogo, nikaenda nao nyumbani. Usiku nikaweka tone kwa kioo.

Maze.

Kulikuwa na mti. Mti mdogo wa kioo, una shina, una matawi, na kwa ncha ya kila tawi kuna kengele imeangalia juu, na mdomo wa kila kengele una nywele zinazozunguka kama feni. Vichembe vya uchafu vilikuwa vinavutwa ndani kama maji ya sinki. Nikagonga meza bahati mbaya na mti wote ukaanguka. Sio polepole. Ulikuwa upo, halafu haupo, kuna bonge tu pale chini. Halafu polepole sana, kama mtu anafungua mwavuli akiwa na hofu ya mvua, kengele zikaanza kupanda tena.

Nilipiga kelele hadi jirani akauliza kama ni panya.

Sasa sikieni ushahidi wangu ulikuwa gani. Niliingia intaneti kwa dakika kumi. Nikaona picha za kiumbe anaitwa Vorticella, kengele kwa kikonyo, lakini mmoja mmoja, kila mtu na kikonyo chake. Wangu walikuwa wengi kwa mti mmoja. Nikasema, huyu si yule, basi huyu ni mpya. Hiyo ndiyo sayansi yote niliyofanya. Kuweka muziki kwa ile video kulinichukua muda mrefu zaidi.

Na video ikaenda. Ilipita zote nilizowahi kuweka, hata ile ya matatu. Nikaweka na kura ya jina. Tudorensis ilishinda, Kengele ikawa ya pili, na wengi wenu mlipendekeza majina ya wapenzi wenu wa zamani juu "pia yeye ananyonya kila kitu". Nilicheka sana wiki hiyo.

Halafu kukaja komenti: "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, leo ni profesa?"

Ni ukweli niliacha. Nilikuwa nasomea ununuzi na ugavi, karo ikakwama, na sikurudi. Sioni haya, lakini hiyo komenti iliniuma mahali. Nikamjibu kwa hasira na stori ya Leeuwenhoek.

Antonie van Leeuwenhoek alikuwa muuza vitambaa Delft, Uholanzi. Chuo hakwenda, Kilatini hakujua, na siku hizo bila Kilatini wasomi walikuona kama mtu wa kuleta chai. Alitengeneza lensi zake mwenyewe, na mwezi wa Oktoba 1676 akaandikia Royal Society ya London barua ndefu kuhusu wanyama wadogo aliowaona ndani ya maji. Baadhi yao, kwa maelezo yake, walikuwa na mkia unaoshika na kujivuta, na wanaoisoma barua hiyo leo wanasema huyo ni Vorticella. Yaani binamu wa wangu. Nikaandika: "Hata yeye hakuwa na digrii." Laiki zikamwagika.

Nilichoacha nje ni nusu ya pili ya stori. London hawakumwamini hivi hivi, na yeye hakuwaita wana wivu. Mwaka 1677 alitafuta watu wanane wa kuheshimika, wakiwemo viongozi wa dini, wakaangalia kwa macho yao na kuandika walichoona. Na Novemba mwaka huohuo Robert Hooke, kule London, akarudia mwenyewe hadi akawaona. Hiyo nusu niliijua wakati naandika ile komenti. Niliiacha kwa makusudi.

Siku tatu baadaye watu wawili walinitafuta. Wa kwanza alikuwa jamaa wa mauzo wa kampuni fulani ya vichujio vya maji, nitamfikia. Wa pili alikuwa madam mmoja anayesimamia maabara ya chuo hapa Pwani. Hakunipongeza na hakunitukana. Aliandika hivi:

"Habari kijana. Video nzuri. Wakijivuta, wanajivuta wote kwa pamoja ama kila mmoja kivyake? Na kikonyo kinajikunja kama springi au kama zigizagi?"

Nikarudi kwa video yangu kama mtu anayetafuta funguo. Nilikuwa nimeitazama mara mia na sikuwa nimeona. Hiyo ndiyo ilinishtua. Nilikuwa na muziki, na maandishi ya njano, na kura ya jina, na sikujua kiumbe wangu anafanya nini.

Nikarekodi upya, simu ikiwa kwa fremu 240 kwa sekunde, nikagonga meza. Fremu moja wamesimama, fremu mbili tatu mbele kila kitu kiko chini. Wote kwa pamoja. Na kikonyo kilikuwa kimejikunja pande pande, kama rula ya fundi seremala, hakikuzunguka kama springi. Nikamtumia. Akajibu: "Vizuri. Sasa umeshafuta majina matatu. Njoo Jumamosi."

Nilifikiria nitaenda kuonyeshwa kitabu chenye picha na kuambiwa "ni huyu". Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama mahojiano ya polisi, ila anayehojiwa ni kadudu na mimi ndiye naulizwa kwa niaba yake.

Kwanza, hako si kadudu. Ni seli moja. Kila kengele ni seli moja peke yake, na huo mti ni ukoo wa seli zilizogawanyika bila kuachana. Kundi lao linaitwa siliati, kwa sababu ya silia, zile nywele. Na siliati wenye kikonyo ni wengi, kwa hivyo unawatenganisha kwa kikonyo kwanza. Vorticella anakaa pekee yake, na ndani ya kikonyo chake kuna uzi unaojivuta na kukizungusha kama springi ya kalamu. Carchesium ana matawi, lakini ule uzi umekatika kwa kila tawi, kwa hivyo mmoja akishtuka anajivuta mwenyewe na jirani yake anaendelea kula. Epistylis ana matawi na hana uzi kabisa. Kikonyo chake ni kigumu, ni kichwa tu kinachojifinya. Halafu kuna Zoothamnium, ambaye uzi wake umeungana kutoka shina hadi tawi la mwisho. Ukimgusa mmoja umegusa wote. Na anakunjika zigizagi.

"Kwa hivyo wako ni nani?" madam akauliza.

"Zoothamnium."

"Eeh. Hiyo ni jenasi. Ni kama umeniambia mtu anaitwa Otieno. Otieno yupi?"

Huo uzi, kwa njia, ni kitu cha ajabu. Misuli yako inachoma nishati ya ATP kila ikijivuta. Uzi huu unafyatuliwa na kalsiamu. Kalsiamu ikimwagika ndani ya uzi, unajikaza papo hapo, ikirudishwa unalegea. Ndiyo maana kuanguka ni haraka na kupanda ni polepole. Nilitaka kuuliza maswali kumi hapo lakini madam hakuwa na hiyo siku. Alinipa kioo chenye rula ndogo imechorwa ndani na kusema, pima.

Nikapima kengele 25. Unaweza kufikiria ni kazi ya dakika tano. Wanajivuta kila ukisogeza kioo, unangoja wapande, unasoma, unaandika, wanaanguka tena. Yangu ilitoka mikromita 42 hadi 61 kwa urefu. Ukipanga 20 za katikati unapata milimita moja. Kwa nini 25 na sio moja? Kwa sababu ukipima moja umepima huyo mmoja, hujapima spishi. Alisema hivyo bila hata kuinua kichwa.

Halafu mdomo: je, una ukingo mnene, na umekunjika nje kiasi gani? Halafu tone la rangi ya kijani ili kiini kionekane. Siliati wana viini vya aina mbili, kimoja kikubwa na kingine kidogo, na kile kikubwa kwa wangu kilikuwa na umbo la herufi C. Halafu matawi yanagawanyika vipi, mawili mawili ama kwa kupishana kama jani la mwarobaini? Halafu kile kipovu.

Kipovu nitakaa nacho kidogo, kwa sababu hapo ndipo nilianza kuelewa Tudor yenyewe. Ndani ya kila kengele, karibu na mdomo, kuna kapovu kanajaa polepole halafu kanatoweka, kanajaa, kanatoweka. Ni pampu. Seli ina chumvi ndani, na ikiwa maji ya nje yana chumvi kidogo kuliko ya ndani, maji yanaingia tu yenyewe, yanaingia, na usipoyatoa utapasuka. Siliati wa maji baridi anapampu haraka. Wa bahari anapampu polepole. Wa mikokoni anaishi na vyote viwili. Maji yakijaa bahari inaingia, yakipwa mto unatawala, na mvua ikinyesha kila kitu kinabadilika kabla ya jioni.

Maji yangu siku hiyo yalikuwa na chumvi sehemu 18 kwa 1,000. Bahari yenyewe ni kama 35. Nikahesabu kipovu kwa saa ya simu: mpigo mmoja kila sekunde 50 hivi. Halafu madam akaniambia niongeze maji ya mvua kwa ukingo wa kioo, polepole, na ningoje. Ikashuka hadi sekunde 20. Nilikuwa naangalia kiumbe cha seli moja kikifanya kazi mara mbili na zaidi juu nimemletea mvua. Sikurekodi. Nilisahau kabisa kama nina simu.

Lakini madam hakunionyesha hiyo ili nifurahi. Alitaka nione mtego. Ukibadilisha chumvi, mpigo unabadilika. Chakula kikipungua, mwili unaweza kubadilika. Kwa hivyo mtu akija na sampuli moja, ya siku moja, ya mvua moja, na kusema "wangu ni wembamba kuliko wale walioandikwa, basi ni wapya", huenda amegundua tu kwamba siku hiyo kulinyesha.

Nikamuuliza basi huyu tunampa jina gani. Akasema, kwanza soma waliokutangulia.

Hapo ndipo kuna mlima. Zoothamnium wamekuwa wakielezwa tangu kabla babu ya babu yangu kuzaliwa. Msee mmoja kwa komenti alikuwa ameandika kwa uhakika "hii ni Zoothamnium niveum", nikamtafuta huyo. Alielezwa mwaka 1831 na Hemprich na Ehrenberg kutoka Bahari ya Shamu. Ni jitu: koloni lake linafika sentimita moja na nusu, unaliona kwa macho kama unyoya mweupe, na weupe wenyewe ni bakteria wa salfa waliomfunika mwili mzima. Huko Belize anaota kwa kuta za matope ya mikoko, pale gesi ya mayai viza inapotoka. Wangu hakufika hata milimita moja na hakuwa amevaa kitu. Mikoko ndiyo tu wanafanana. Kwa hivyo huyo tukamtoa, na nilijisikia vizuri kumtoa mtu kwa sababu, sio kwa hisia.

Halafu nikakutana na Alfred Kahl, na huyu nimempenda. Alikuwa mwalimu wa shule huko Hamburg, Ujerumani. Alianza siliati akiwa mtu mzima, na kati ya 1930 na 1935 akatoa kazi kubwa ambayo watu wa siliati wanaitumia hadi sai, yenye mamia ya spishi ambazo hakuna mtu alikuwa ameziandika. Mwalimu wa shule! Nilitaka kukimbia na hiyo kwa komenti mara moja, kama nilivyokimbia na Leeuwenhoek. Lakini tena kuna nusu ya pili. Maelezo mengi ya Kahl ni mafupi, mchoro mmoja na mistari michache, ya viumbe hai tu. Leo watafiti, kama wale wa Weibo Song kule Qingdao, China, wanalazimika kurudi kwa spishi za zamani na kuzieleza upya kwa njia za kisasa, ndiyo ijulikane ni zipi hasa. Ukimwita kitu mpya na hujui cha zamani kinaonekanaje, unamwachia mtu wa miaka 90 ijayo kazi ya kufagia.

Njia za kisasa zenyewe ni hizi. Unawapaka madini ya fedha, kihalisi, na fedha inashika mistari ya ngozi na mizizi ya silia. Mistari inajitokeza kama alama za vidole. Kuna viumbe viwili, Vorticella na Pseudovorticella, ambao ukiwaona hai unaweza kuapa ni ndugu, lakini kwa fedha mmoja ana mistari sambamba ya kuzunguka na mwingine ana wavu. Na ndani ya koo la kengele kuna safu za silia. Unahesabu safu, unaangalia ipi imeishia wapi. Baada ya hapo unasoma jeni, mara nyingi ile inayoitwa 18S, na kulinganisha na za wengine. Halafu unaweka kielelezo mahali pa kudumu, makumbusho ama mkusanyiko unaotambulika, ili mtu asiyekuamini aende akaangalie. Kwa viumbe vya seli moja sheria inakubali hata kioo kimoja chenye wengi wao. Halafu unaandika, unachapisha, unasema wazi kwamba ni mpya, tofauti yake ni hii, nilimtoa mahali hapa.

Video haihesabiki. Nilisoma hiyo sheria ya majina mara mbili nikitafuta mwanya. Hakuna.

Kilichonifurahisha kwa hiyo sheria ni kwamba jina si lazima liwe Kilatini. Linaweza kutoka lugha yoyote bora liandikwe kwa herufi za Kilatini. Yule nyani wa Tanzania aliyeelezwa mwaka 2005 ana jina kipunji, jina ambalo wenyeji walikuwa nalo tayari. Australopithecus anamensis, wa 1995, amepata jina lake kwa neno la Kiturkana la ziwa. Kwa hivyo kura yenu ya "Kengele" haikuwa ujinga. Ilikuwa mapema.

Sasa yule jamaa wa vichujio. Alinipigia siku hiyohiyo nikitoka maabara, niko kwa stendi ya matatu nanuka maji ya Tudor. Walitaka video tatu. "Bro, wewe sema tu umegundua kiumbe kipya kwa maji ya Mombasa, halafu onyesha chujio." Nikamwambia maji ni ya mikokoni, sio ya mfereji. Akasema watu hawataona tofauti. Akataja pesa.

Nisiwadanganye, nililala nayo siku mbili. Mathe nilimpigia akasikiliza yote, akauliza, "Kwani hako kadudu kangeenda kukushtaki?" Na ni swali zuri. Hakuna mtu angenishtaki. Madam angeona, angenyamaza, na hangenijibu tena.

Lakini kitu kilichonikera zaidi ni kwamba tangazo lingekuwa uongo mara mbili. Si mpya, na si hatari kwako. Siliati hawa wanakula bakteria. Kwa mitambo ya kusafisha maji taka, fundi akiona siliati wa vikonyo wengi anafurahi, juu ni dalili kwamba mtambo unafanya kazi na maji yanayotoka ni masafi. Ubaya wao ninaoujua ni kwa mabwawa ya kamba, wale wa kuliwa. Zoothamnium wakijazana kwa mashavu yao wanaweza kuwanyima hewa. Kwa hivyo Tudor chafu wanaisafisha bure, na mimi nilitaka kuwatumia kutisha watu ili wanunue plastiki. Nikamwambia jamaa hapana. Akajibu na emoji ya kidole gumba, na sijamsikia tena.

Usiku huo ndio nilibadilisha maandishi. Sai yanasema: Zoothamnium sp., Mikindani, kwa mizizi ya mkoko, chumvi 18. Hiyo "sp." yenye nukta ndiyo iliwakasirisha, naona. Mnaniuliza kwani imekatika? Haijakatika. Inamaanisha jenasi naijua, spishi sijaamua. Na kama unaniuliza mimi binafsi, nadhani atakuwa mmoja wa wale walioelezwa zamani. Kama siye, atabaki pale pale kwa mizizi hadi tumpate vizuri.

Na bado nafuatilia. Madam amesema ana fedha kidogo ya kupaka, inatosha jaribio moja, hataki kuimwaga kwa sampuli yangu ya utelezi yenye makoloni manne na mchanga. Anataka mengi na masafi. Kwa hivyo nimetumia mbinu ya zamani: unafunga vipande vya kioo kwa mshipi, unavining'iniza chini ya maji, na vile vinavyoogelea vinakuja kushika vyenyewe. Maana kengele hizi huogelea pia. Moja huota mkanda wa silia upande wa nyuma, hujikata kwa kikonyo, na kwenda kutafuta mahali pa kuanzisha mti wake. Nimeona moja ikiondoka. Nikangoja ishuke mahali nikaipoteza.

Vioo vinne viko kwa mzizi mmoja, karibu na pale mzee wa kaa hufunga mtumbwi. Yeye ndiye huvilinda watoto wasivichukue. Jana nilipita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Maua yako haya, yatoke leo?"

"Bado mzee. Madam alisema siku saba."

"Basi ngoja bamvua lifike. Jumamosi maji yatakupwa mbali, utavichukua bila kulowa."

Jumamosi basi. Nikirudi na kitu nitaweka video, bila maandishi ya njano.